UFAHAMU: Kutoka Filamu hadi Mchezo wa Video

Soma kifungu kifuatacho, kisha jibu maswali.

Mwaka 2006 ilitoka filamu ya katuni ya Marekani iitwayo Cars, iliyotengenezwa na Pixar. Mhusika mkuu, Lightning McQueen, ni gari la mashindano lenye majivuno. Anapotea njia na kujikuta Radiator Springs, mji mdogo uliosahaulika, ambako anajifunza thamani ya urafiki. Katika mbio za mwisho anakaribia kushinda, lakini anaona mpinzani wake mkongwe, The King, amepata ajali. McQueen anafunga breki kabla ya mstari, anarudi na kumsukuma mkongwe huyo amalize mbio. Kombe linachukuliwa na Chick Hicks, aliyesababisha ajali hiyo.

Mwaka huohuo ulitoka mchezo wa video uliotokana na filamu hiyo. Aliyekuwa mtazamaji sasa ndiye anayemwendesha McQueen. Hata hivyo, mchezo wa mbio humtuza anayetangulia. Katika filamu, kushindwa kulimkomaza mhusika. Katika mchezo, anayeshindwa hurudia mbio.

Maswali
(a) Eleza maana ya: (i) majivuno (ii) mkongwe.
(b) Kwa nini McQueen alikosa kombe?
(c) Mwandishi ana maana gani anaposema kushindwa "kulimkomaza" mhusika?
(d) Taja wazo kuu la kifungu.

Dokezo: Katika (d) watahiniwa wengi husimulia filamu upya na kupoteza alama. Jiulize: umbo la kazi lilipobadilika, ujumbe ulibaki uleule?