Somo Letu: Mhindi na Mnubi, Nani Alipewa Nini?



Ukiwa ndani ya matatu au kwenye foleni ya duka la jumla, hakosi mtu wa kusema: "Hawa Wahindi walikuja hapa na nguo moja mgongoni, tazama leo wana maghorofa. Na wale Wanubi wa Kibera? Walikuja zamani vile vile, mbona bado wako kwenye mabati?" Halafu mwenzake anamaliza: "Ni bidii, ndugu yangu. Mhindi anajua kazi." Watu wanaitikia kwa kichwa, na hadithi imekwisha.

Katika somo hili tutakataa kuimaliza hadithi upesi hivyo. Vikundi vyetu vinapenda kulinganisha: kijiji hiki na kile, kabila hili na lile, waliohamia juzi na waliohamia jana. Kulinganisha si kubaya, maana ndiko kunakotuonyesha msaada uende wapi. Lakini ukilinganisha matajiri na maskini bila kuuliza kila mmoja alianza na nini mkononi, utatoka na jibu la matatu. Hebu tuwatazame wageni hawa wawili, maana wote waliletwa au walifuata nyuma ya serikali moja, ya Mwingereza, karibu miaka ile ile.

Jinsi walivyofika

Wanubi ni wazao wa askari. Babu zao walikuwa Wasudani wa jeshi la Emin Pasha, lililoachwa upande wa kusini-magharibi mwa Ziwa Albert baada ya serikali ya Misri kupoteza Sudani. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard aliwakuta huko na kuwaandika katika utumishi wa Waingereza. Baadhi yao waliasi mwaka 1897, lakini wengine waliendelea, na jeshi la KAR lilipoundwa mwaka 1902 wao ndio waliokuwa uti wa mgongo wake. Nchi ya Sudani kwao ikabaki hadithi ya bibi. Wengi walizaliwa njiani, mama zao wakiwa wa makabila mbalimbali ya huku, na lugha yao ya Kinubi ikakua katika kambi za jeshi.

Habari ya Wahindi ina kosa moja ambalo karibu kila mtu analirudia, hata walimu shuleni. Ni kweli kwamba kati ya 1896 na 1901 vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Kama 2,500 walikufa. Lakini wengi wa waliobaki hai walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Waliobaki nchini hawakufika 7,000. Wenye maduka tunaowajua wengi wao si wajukuu wa vibarua hao. Ni watu wa Gujarati na Kutch waliokuja kwa nauli yao wenyewe, wakiitwa na mjomba au ndugu aliyetangulia. Biashara ya Wahindi pwani ni ya zamani kuliko reli. Allidina Visram, kwa mfano, alifika pwani yetu mwaka 1863, akaanza Bagamoyo, na reli ilipokuja alikuwa tayari na mali na watu wa kufungua duka kila stesheni.

Kwa hivyo ile "nguo moja mgongoni" tuiweke kando. Wapo waliokuja maskini kabisa, lakini walikuja kwa ndugu mwenye duka, wakafanya kazi ya ukarani kwake miaka kadhaa, kisha wakapewa bidhaa kwa mkopo waende kufungua duka lao. Huo ni mtaji, hata kama mfukoni hamna senti.

Kipande cha karatasi

Sasa tufike kwenye kiini. Askari wa Kinubi alipozeeka hakupewa pensheni. Alipewa ruhusa ya kukaa. Tangu 1904 walianza kukaa kwenye msitu ulio nje kidogo ya Nairobi, ambao wenyewe waliuita Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa la jeshi, ekari 4,197. Aliyetumikia miaka 12 aliweza kupata cheti cha shamba, akalima, akafuga mbuzi na ng'ombe. Lakini cheti kile hakikusema shamba ni lake. Kilisema anaruhusiwa.

Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibra kwa utawala wa kiraia, na hapo maneno yakabadilika. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Carter, miaka ya 1932 na 1933, ilikubali kwamba serikali ilipaswa ama kuwarudisha askari hao kwao, ama kuwapa makao hapa. Hata hivyo ikasema wanakaa Kibra kwa ridhaa ya serikali tu. Makabila mengine yalikuwa na riziv zao, hata kama zilipunguzwa. Mnubi hakuwa na riziv popote.

Mhindi naye alibaguliwa, tusidanganyane. Nyanda za juu zilikuwa za Wazungu peke yao, na Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 uliendeleza marufuku hiyo. Mwaka 1902 soko la Wahindi la Nairobi lilichomwa moto na serikali kwa sababu ya tauni. Lakini kwa kuwa alifungiwa mashamba, alisukumwa mjini na kwenye vituo vya biashara, na huko aliweza kupata ploti yenye hati ya kukodi kwa miaka mingi. Serikali ilidhani inamnyima. Kumbe ilikuwa imemwachia ardhi ambayo bei yake ingepanda kuliko shamba lolote la ngano.

Tuchukue mfano wa kubuni, watu wawili, mwaka 1935. Wa kwanza ana ploti ndogo mtaa wa soko, na hati. Anaenda nayo kwa mwenye duka la jumla au benki, anapata bidhaa au fedha. Anajenga kwa mawe, duka chini, vyumba juu. Vyumba vinaleta kodi, kodi inalipa karo. Wa pili ni sajini mstaafu wa Kibra mwenye mahindi na mbuzi. Ana akili ile ile na mikono yenye nguvu zaidi. Anataka kujenga kwa mawe. Anaambiwa nyumba za kudumu haziruhusiwi hapa. Anataka kukopa, anaulizwa hati iko wapi. Anatoa karatasi ya jeshi. Yule karani anaisoma na kumrudishia. Rudisha picha hiyo kwa watoto wao, kisha kwa wajukuu, uone umbali unavyozidi bila mtu yeyote kuwa mvivu.

Tena Mnubi hakukaa bure. Wanawake wa Kibra walitengeneza pombe kali iliyojulikana Nairobi nzima kwa jina la jini ya Kinubi, ambayo jamaa yake wa leo ni chang'aa. Gazeti hili halisifu pombe hiyo, lakini hesabu ni hesabu: kwa miaka mingi ilikuwa nguzo ya mapato ya nyumba nyingi pale, na polisi walipoivamia walikuwa wanavamia mshahara wa akina mama. Wanaume walikuwa madereva, makarani, askari polisi. Na mji ulipojaa watu, walijenga vyumba vya udongo na mabati wakapangisha. Ulikuwa uwekezaji wa busara kwa mtu asiyeruhusiwa kujenga kwa mawe.

Ukopeshaji

Hapa Wahindi wanastahili sifa, na si aibu kujifunza kwao. Waliaminiana kwa mikopo ndani ya jamaa na madhehebu yao. Waismailia walianzisha kampuni ya bima ya Jubilee huko Mombasa mwaka 1937, na mwaka 1945 wakaanzisha mfuko wa uwekezaji ambao baadaye ulikuwa Diamond Trust. Kikundi chochote cha akiba na mikopo kitatambua wazo hilo: fedha za wengi, kwa zamu, kwa watu wanaojuana.

Lakini kumbuka upande wa pili. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika, iliyofanya iwe vigumu kwa mfanyabiashara kumkopesha Mwafrika zaidi ya kiasi kidogo bila kibali. Ilisemekana ni kumlinda asiingie madeni. Mmoja alijengewa daraja na jamaa zake, mwingine alilindwa asivuke mto.

Mambo ya uraia

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, katiba ilisema aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja awe amezaliwa Kenya, ni raia moja kwa moja. Wengine walipewa miaka miwili kuomba. Wahindi wengi hawakuomba, wakashika pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 zikaja sheria za leseni za biashara na za uhamiaji, na asiye raia akaanza kufungiwa duka, hasa nje ya miji mikubwa. Watu wakakimbilia ndege. Machi 1968 Uingereza nayo ikapitisha sheria ya kuwazuia hao hao wenye pasipoti zake. Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia 176,613 Kenya. Ya 1969 ilihesabu 139,037. Wengi walipata hasara na uchungu, na kuna wazee ambao hawakurudi kuona nyumba walizozaliwa.

Lakini tazama jambo moja. Aliyeondoka aliuza. Aliuza kwa bei ya kutupa, lakini alikuwa na kitu cha kuuza. Waliobaki wengi walihamisha fedha kutoka duka la kijijini hadi kiwanda cha mjini. Mali yao ilikuwa ya kubebeka. Mnubi aliyesukumwa Kibera hakuwa na cha kuuza wala pa kwenda. Serikali, kwanza ya kikoloni kisha yetu wenyewe, ilimega msitu ule ikajenga mitaa: Woodley, Jamhuri, Langata na mingineyo.

Na ule mlango wa katiba? Wanubi wengi wangeupita bila shida. Lakini mlango wa katiba ni mmoja, na dirisha la ofisi ya kipande ni jingine. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi akifika miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati ya kuhakiki, aeleze babu yake alizaliwa wapi, alete vyeti ambavyo jirani yake hakuulizwa. Bila kitambulisho huandikwi kazi, hufungui akaunti, na polisi wakikukuta usiku una kesi. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia. Mnubi huyu, tukumbuke, baba zake walipigana vita viwili vya dunia wakiwa na sare ya nchi hii.

Tahadhari kwa wanaolinganisha

Si kila Mhindi ana kiwanda. Wapo mafundi, makarani na wajane wanaoishi kwenye vyumba vya kupanga Ngara na Pangani, wala hakuna anayewaona kwa sababu macho yetu yanatafuta maghorofa. Na Mnubi si maskini mbele ya kila mtu. Kwa mpangaji wa Kibera aliyefika juzi kutoka Siaya au Kakamega, mzee wa Kinubi ni mwenye nyumba, ndiye anayedai kodi kila mwisho wa mwezi. Mwishoni mwa 2001 ugomvi wa kodi uligeuka mapigano, watu wakafa na nyumba zikachomwa. Pande zote mbili zilikuwa zinagombea vyumba vilivyo juu ya ardhi ambayo hakuna mmoja wao aliyekuwa na hati yake.

Mwaka 2017 ulileta habari kwa jamii zote mbili. Mwezi Juni Wanubi walikabidhiwa hati ya ekari 288 za Kibera, na mwezi Julai Waasia wa Kenya wakatangazwa kuwa kabila la 44. Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Ila piga hesabu: 288 kutoka 4,197 ni chini ya ekari 7 kwa kila 100. Na hati hiyo ni ya jamii nzima. Haiwezi kuuzwa na tapeli, na hilo ni jema, lakini pia hakuna mama mmoja anayeweza kuichukua peke yake kwenda benki kuomba mkopo wa cherehani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kata yenu, ni nani waliohamia kutoka mahali pengine? Kabla ya kuuliza wana mali gani, andikeni wanakaa juu ya ardhi ya nani, na kwa karatasi gani.

2. Wangapi kati yao wenye umri wa zaidi ya miaka 18 hawana kitambulisho? Waulizeni walikwama kwenye ofisi ipi.

3. Hati ya jamii au hati ya mtu mmoja mmoja: ikiwa mngepewa ardhi leo, kikundi chenu kingechagua ipi? Wasikilizeni wajane kwanza.