Mtoto Anapotaka Kuacha Mchezo Shuleni: Msikilize Kabla ya Kuamua

Mashindano ya shule ngazi ya kaunti ndogo yanapokaribia, baadhi ya wazazi wa Kitui na Makueni husikia maneno haya nyumbani: "Sitaki kucheza tena." Mzazi mmoja hukasirika akikumbuka pesa za viatu. Mwingine hufurahi, akidhani mtoto sasa atapata muda wa vitabu. Wote wawili wamejibu kabla ya kuuliza. Somo hili linaeleza namna ya kumsaidia kijana aliyevunjika moyo bila kumlazimisha, na bila kumwacha aamue akiwa na hasira.

1. Tafuta sababu

Chukulia msichana wa miaka 16 anayecheza netiboli katika shule ya kutwa. Mazoezi huisha saa kumi na mbili jioni. Ana mwendo wa saa nzima hadi nyumbani, anavuka mto wa mchanga gizani, kisha anatumwa maji. Akisema amechoka na netiboli, huenda kinachomsumbua ni ile njia. Akilazimishwa kucheza, hatari inabaki palepale. Akiruhusiwa kuacha bila kuulizwa, anapoteza mchezo anaoupenda. Akisikilizwa, mwalimu anaweza kumruhusu aondoke mapema pamoja na wenzake, na kaka yake akachota maji siku za mazoezi.

Sababu nyingine ni kuwekwa benchi kila mara, maumivu yaliyofichwa, kuchekwa baada ya kushindwa, njaa, au wasiwasi wa mitihani. Kwa wasichana, huenda ni ukosefu wa sodo. Tangu 2017, sheria inaitaka serikali itoe sodo bila malipo kwa wasichana wa shule za umma, kwa hivyo mzazi asione haya kuuliza shuleni.

2. Zungumza hasira ikishatulia

Kijana huongea kwa urahisi zaidi mikono ikiwa na kazi, kwa mfano mnapochambua ndengu au mnapotembea kwenda sokoni. Muulize: "Ni nini kilichobadilika?" "Siku ya mazoezi, unaanza kujisikia vibaya wakati gani?" "Kuna kitu ambacho kikirekebishwa ungependa kuendelea?" Usimlinganishe na dada yake wala na mtoto wa jirani. Usimkumbushe gharama.

3. Kubalianeni muda

Kama hakuna hatari, mwombe aendelee kwa wiki mbili, au hadi mwisho wa mashindano ikiwa wenzake wanamtegemea. Katika muda huo, mzazi aonane na mwalimu wa michezo, kijana akiwepo, watafute suluhu ya kile alichosema. Ikiwa tatizo ni masomo, wapange ratiba ya wiki pamoja. Muda ukiisha, uamuzi wa kijana uheshimiwe. Mwenye jeraha apelekwe kituo cha afya, na asirudi uwanjani kabla ya mhudumu wa afya kumruhusu.

4. Dhuluma haingoji wiki mbili

Kijana akisema anapigwa, anatukanwa au anaguguswa vibaya, mazoezi yakome siku hiyo hiyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi, kimwili au kiakili. Ripoti kwa mwalimu mkuu, ofisi ya watoto ya kaunti ndogo au kituo cha polisi. Nambari ya simu ya watoto ni 116, na kuipiga ni bure, usiku na mchana.

5. Kuacha mchezo mmoja si kuacha michezo yote

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Anayeacha kandanda anaweza kujaribu riadha, voliboli au raga. Ferdinand Omanyala alicheza raga kabla ya kuhamia mbio fupi. Septemba 2021, jijini Nairobi, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Mwaka uliofuata alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham. Si kila mtoto atakuwa bingwa, wala si lazima. Kinachotakiwa ni abaki na afya na marafiki, na ajue kwamba akisema amelemewa, nyumbani atasikilizwa.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika mkutano wa wazazi

- Watoto wetu hufika nyumbani saa ngapi siku za mazoezi, na hutembea na nani?
- Kazi za nyumbani hugawanywa vipi siku hizo kati ya wavulana na wasichana?
- Mara ya mwisho mtoto aliposema amechoka, tulimuuliza nini?