Majumba Yashindanayo kwa Urefu: Ni Fakhari au Ni Biashara?

Suali: Mtu ajengaye jumba refu kupita yote ulimwenguni, je, ameipoteza mali kwa fakhari, au ameiweka mahali pa faida?

Jawabu: Jueni, ndugu zetu, kwamba wako watu wakisikia hadithi ya Jibrili, ambayo humo wametajwa wachunga mbuzi kushindana kwa majengo, mara huhukumu kuwa kujenga juu ni haramu. Sivyo. Imamu Nawawi amebainisha katika sharhi yake ya Sahihi Muslim kuwa si kila alama ya Kiyama huwa haramu, na jambo hili la majengo amelitolea mfano. Basi yabaki nia na hesabu. Nia twamwachia Mola aijuaye. Hesabu twaweza kuitazama.

Utazameni mnara wa Burj Khalifa wa Dubai, uliofunguliwa mwaka 2010. Urefu wake ni mita 828, lakini karibu mita 244 za juu hazikaliwi na mtu. Ni ncha tupu, haina mpangaji wala kodi. Asemaye kuwa ncha hiyo ni fakhari, hatumpingi. Lakini wenye mnara, kampuni ya Emaar, walikuwa na ardhi pande zote. Mnara uliipandisha thamani ardhi ile, wakauza nyumba na kukodisha maduka chini yake. Faida kubwa haimo mnarani, imo kwa majirani, na majirani ni wao wenyewe. Asiye na ardhi hiyo asiwaige.

Tena pana jambo la wakati. Majumba haya aghalabu huanzwa mikopo ikiwa mingi (na ile ya riba hukumu yake mwaijua), yakamalizika soko limekwisha anguka. Empire State ya New York, yenye orofa 102, ilifunguliwa mwaka 1931 katikati ya dhiki kuu ya biashara. Vyumba vilikaa vitupu hata watu wakaifanyia mzaha kwa utupu wake, na ada za wapandao kutazama mji zikawa ndizo tegemeo; miaka mingi ilipita kabla ya kuonekana faida. Na mnara wa Dubai ulianzwa kwa jina la Burj Dubai. Mwaka 2009 madeni yakaulemea mji, Abu Dhabi ikatoa dola bilioni 10, na siku ya kufunguliwa mnara ukaitwa kwa jina la mtawala wa Abu Dhabi. Sioni haja ya kusherehesha.

Kwa hivyo aulizwe kwanza mjengaji: mali hii ni ya nani? Ajengaye kwa chake, hasara ni yake. Ama msimamizi wa wakfu au walii wa yatima, hana ruhusa ila penye maslaha ya wazi, wala simjui kadhi atakayekubali kuwa ncha isiyo na mpangaji ni maslaha ya yatima.