SOMO: FUNDI WA KOMPYUTA NA MWENYE KAZI



Wenzetu wanaotunga programu za kompyuta hulalamika kwamba watumiaji hawawaelewi. Sisi tunaligeuza swali: je, fundi amemwelewa mtumiaji? Jambo hili si la adabu tu. Laweza kumfikisha mtu gerezani.

Tazameni Uingereza. Mwaka 1999 Shirika la Posta la nchi hiyo lilianza kuweka vituoni programu ya hesabu iitwayo Horizon. Waendesha vituo walipoona hesabu zina upungufu bila sababu, walipiga simu kuomba msaada. Wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Walitakiwa kulipa kutoka mifukoni mwao, na hadi mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wamehukumiwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba programu yenyewe ilikuwa na makosa. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta mamia ya hukumu hizo. Baadhi ya wahusika walikuwa wamekwisha kufa.

Sasa tazameni njia nyingine. Mwaka 1981 chama cha wachapaji wa nchi za Nordiki kilishirikiana na wataalamu wa Uswidi na Denmaki katika mpango wa UTOPIA. Wataalamu walianza kwa michoro ya kitaalamu, lakini wachapaji hawakuiona kazi yao ndani yake. Ndipo ikatengenezwa mitambo ya kuigiza, ya mbao, maboksi na karatasi. Mchapaji aliketi mbele yake akaonyesha jinsi anavyopanga ukurasa. Kasoro ikionekana, boksi hurekebishwa mara moja, kwa gharama ndogo.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi fundi na azingatie haya:

1. Aende mahali pa kazi, aonyeshwe kazi ilivyo, kabla hajaonyesha programu yake.

2. Atumie maneno ya mwenye kazi. Badala ya kuandika "data batili", aandike "Risiti hii haina tarehe. Jaza tarehe."

3. Asiulize "Umeelewa?" Kwa heshima au kwa haya, mtu hujibu "Ndiyo". Aseme, "Tafadhali nionyeshe utakavyofanya."

4. Akiletewa malalamiko, aandike siku, saa, kilichobonyezwa na kilichoonekana. Auchunguze mtambo kabla ya kumshuku mtu, wala asiseme "ni wewe tu" kabla hajatazama malalamiko ya wengine.

Nasi watumiaji tuna wajibu: tuweke kumbukumbu zetu kwa maandishi, na tuulizane. Wale wa Uingereza walipoanza kukutana, ndipo kila mmoja alipojua kwamba hakuwa peke yake.

Maswali ya kujadili tawini: Je, kazini kwenu mtambo ukikosea, nani hulaumiwa kwanza? Na nani aliulizwa kabla haujaletwa?