Kutembea na Mbwa Kando ya Ziwa Nyasa: Kinga Kabla ya Safari na Hatua Baada ya Kung'atwa

Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, ni mahali panapofaa matembezi ya miguu. Kutoka Matema, chini ya milima ya Livingstone, msafiri hufuata ufukwe hadi Lyulilo, panapouzwa vyungu vya Wakisi. Anayefuatana na mbwa wake hupata raha maradufu, lakini pia hubeba dhamana ya afya yake mwenyewe, ya mnyama na ya wenyeji.

Mahali pa kwenda

Njia za vijijini na fukwe zinafaa, mradi mbwa afungwe kamba. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyo juu ya milima hiyo na iliyoanzishwa mwaka 2005, si mahali pa kupeleka mbwa: wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi katika hifadhi za taifa, kwa kuwa magonjwa yao huweza kuwaambukiza wanyamapori. Kyela hupata mvua nyingi sana, hasa Machi hadi Mei, na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika. Miezi ya kiangazi ni salama zaidi. Midomo ya mito iepukwe wakati wote kwa sababu ya mamba.

Kabla ya safari

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu huua karibu kila mgonjwa. Hata hivyo huzuilika kwa chanjo. Mbwa achanjwe afikapo umri wa miezi mitatu, na chanjo irudiwe kwa ratiba ya daktari wa mifugo, kwa kawaida kila mwaka. Kwa kuwa kinga huhitaji wiki kadhaa kujengeka, chanjo ya kwanza itolewe walau mwezi mmoja kabla ya kuondoka. Cheti kichukuliwe safarini. Anayekusudia kuvuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi aulize mapema ofisi ya mifugo kuhusu vibali.

Njiani

Mbwa wageni hugombana na mbwa wa kijiji, na mara nyingi anayeng'atwa ni mtu anayejaribu kuwaamua. Watoto wafundishwe kutomgusa mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Kinyesi kifukiwe mbali na ufukwe au kiondolewe, kwani viluwiluwi vya minyoo ya mbwa hupenya ngozi ya anayetembea peku mchangani. Mwenye mbwa asimfuate majini penye majani na maji yaliyotuama, kwa maana kichocho kimo katika ziwa hili.

Mtu aking'atwa

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Lisipakwe pilipili, mafuta wala dawa za mitishamba. Kisha mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo mdogo. Dalili huchelewa, kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu, na ukimya huo huwahadaa wengi wakaacha tiba.

Mtoa huduma aulize: mbwa ni wa nani, amechanjwa, yuko wapi? Mbwa aliye hai afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, lakini chanjo ya majeruhi isisubiri matokeo hayo. Dozi huanza siku ya 0, hufuata siku ya 3 na ya 7, na nyingine kwa kadiri ya mwongozo unaotumika. Jeraha lililopenya ngozi kwa mtu asiyewahi kuchanjwa huhitaji pia imunoglobulini, na lisishonwe kwa haraka.

Msafiri aliye mbali na kwao aandikiwe tarehe za dozi zilizobaki, ili azikamilishe popote atakapokuwa. Dozi ya kwanza peke yake haitoshi kumwokoa.