KELELE ZA PAKA USIKU: VYANZO VYAKE NA NAMNA YA KUZIPUNGUZA

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, na kwengineko ambako nyumba zimeshikamana, kilio cha paka mmoja juu ya paa husikika katika nyumba kadhaa. Mgonjwa hukosa usingizi, mwanafunzi huamka amechoka na mtumishi hufika kazini na uchovu. Wapo wanaorusha mawe, na wapo wanaofikiria kutega sumu. Makala haya yanaeleza vyanzo vya kelele hizo na hatua zinazofaa kuchukuliwa.

VYANZO VYA KELELE

Inafaa ieleweke kwamba paka hafanyi hivyo kwa ukorofi. Kwa maumbile yake ni mwindaji wa magharibi na alfajiri, na sehemu kubwa ya mchana hulala. Kelele zinazowaamsha watu hutokana hasa na mambo matatu:

1. Uzazi. Paka jike huanza kupata joto akiwa na umri wa miezi 4 hadi 6 hivi. Asipopandwa, hali hiyo hurejea kila baada ya wiki mbili au tatu, naye hulia kwa sauti kubwa kuwaita madume. Mashume hukusanyika, hupigana na kunyunyiza mkojo wenye harufu kali milangoni na kutani. Katika nchi za baridi uzazi hupungua pale mchana unapokuwa mfupi. Zanzibar iko karibu na Ikweta, na urefu wa mchana haubadiliki sana. Kwa hiyo paka huweza kuzaa mwaka mzima. Mimba huchukua siku 63 hadi 65 hivi, na jike mmoja aweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka, mara nyingi vitoto vinne hivi kila mara.

2. Chakula kilichoachwa ovyo. Matumbo ya samaki na mabaki ya chakula yaliyotupwa uchochoroni au nyuma ya ofisi huwakusanya paka wengi mahali pamoja, na hapo ugomvi huanza.

3. Kukosa shughuli. Paka wa nyumbani aliyelala mchana kutwa huchangamka wakati wenye nyumba wanapolala, na huwaamsha kabla ya alfajiri akidai chakula.

KWA NINI MAWE NA SUMU HAVIFAI

Sumu haichagui. Yaweza kumdhuru mtoto, kuku au mnyama wa jirani. Aidha, paka wakiuawa na chakula kikabaki uchochoroni, paka wengine huja kushika nafasi zao. Wahenga nao walisema: paka akiondoka, panya hutawala. Ama mawe, humfukuza paka kwa muda mfupi tu, na paka aliyebanwa au kujeruhiwa huweza kumng'ata mtu.

HATUA ZINAZOFAA

(a) Mwenye paka amwone daktari wa mifugo ili dume ahasiwe na jike afungwe uzazi. Hii ndiyo hatua yenye manufaa makubwa zaidi, kwani hupunguza vilio, mapigano, kuzurura na kunyunyiza mkojo. Mabadiliko kwa dume huweza kuchukua wiki kadhaa, hivyo subira inahitajika.

(b) Taka za jikoni, hasa za samaki, zitiwe katika chombo chenye kifuniko. Agizo hili linahusu ofisi sawa na majumba.

(c) Paka wa nyumbani achezeshwe jioni, kisha apewe chakula chake kikuu kabla ya watu kulala. Akilia alfajiri asipewe kitu wakati huo, maana akipewa mara moja atajifunza kwamba kilio huleta chakula.

(d) Paka mzee aliyeanza ghafla kulia usiku apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwani huenda ana maumivu au maradhi.

(e) Paka achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka pia huupata na kuuambukiza. Mtu aliyeng'atwa au kuparuzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila ya kuchelewa.

WAJIBU WA PAMOJA

Paka wasio na mwenyewe hawawezi kushughulikiwa na nyumba moja peke yake. Inafaa majirani wakutane, wakubaliane nani atawalisha na wapi, wachangie gharama za kuwahasi, na wamshirikishe sheha wa eneo lao. Jirani mwenye malalamiko aanze kwa kuzungumza na mwenye paka kwa upole, kwani huenda aliyelala chumba cha mbali hajui kinachotokea juu ya paa lake. Anayelishwa paka na majirani watatu, bila ya hata mmoja kukubali kuwa ni wake, ndiye anayezaa kila mwaka na kuukosesha mtaa mzima usingizi.