Chama cha Wataalamu na Majina ya Viungo vya Mwili

Wenzangu wa Kidato cha Nne hulalamika sana kwamba majina ya Kilatini katika baiolojia yanachosha ulimi. Napenda kuwaarifu kwamba zamani hali ilikuwa mbaya zaidi.

Mwaka 1886 wataalamu wa anatomia, yaani elimu ya umbo la mwili, waliunda chama chao huko Ujerumani, kiitwacho Anatomische Gesellschaft. Siku zile kila chuo kilikuwa na majina yake. Yakadiriwa kwamba majina 50,000 hivi yalitumika kwa sehemu zipatazo 5,000 tu! Mwanafunzi aliyehamia chuo kingine ilimbidi ajifunze upya mwili ule ule, na daktari aliyesoma kitabu cha nchi nyingine aliweza kudhani kwamba kinaeleza mshipa mwingine. Hilo si jambo dogo, maana kisu kikisha kata hakuna kufuta.

Sisi tusemao Kiswahili twaijua taabu hiyo. Pafu wengine huliita yavuyavu, wengine buhumu. Bibi yangu husema bandama, mwalimu husema wengu, kumbe ni kitu kimoja.

Basi chama kikaweka kamati, na Profesa Wilhelm His akaandika taarifa yake. Mwaka 1895, mkutanoni Basel, Uswisi, orodha ikakubaliwa. Kanuni zilikuwa nyepesi: kila sehemu jina moja, la Kilatini, fupi iwezekanavyo, na vitu vilivyo jirani viitwe kwa mfano mmoja. Ndiyo sababu pajani mna arteria femoralis, vena femoralis na nervus femoralis. Ukijua moja, umekwisha jua matatu. (Tibia, mfupa wa muundi, maana yake ni filimbi. Hilo sitalisahau katika mtihani.)

Hata hivyo ubishi haukwisha. Mwaka 1933 Waingereza waliirekebisha orodha huko Birmingham, na mwaka 1935 Wajerumani wakatoa yao huko Jena. Orodha ya mataifa yote ilipitishwa Paris mwaka 1955, na nyingine mpya ikatolewa mwaka 1998, yenye Kilatini na Kiingereza sambamba.

Kiswahili hakimo. Nawauliza walimu wetu wa baiolojia na wa Kiswahili kama hapa shuleni tungeweza kuanza na viungo 20 tu, tukakubaliana kila kimoja kiitweje.